Pombe ya Asali Iliyonyamaza kwa Baridi

Nakumbuka harufu kwanza, mwanangu, ndipo siku yenyewe inafuata nyuma. Harufu ya asali iliyochachuka, imemwagika yote kwenye shati jeupe la mjomba wangu, na wakwe wamesimama hawajui wakae ao wakimbie. Siku ile nilikuwa msichana wa kuposwa. Leo ni mzee, magoti yananiuma, na wewe mjukuu wangu Neema umekuja na bido lako, dumu zima la pombe ya asali, unataka niweke sikio.

"Koko, sikiliza. Imenyamaza. Iko tayari, hapana?"

Nimesikiliza. Kweli imenyamaza. Lakini mimi, mwanangu, nimechoka na vitu vinavyonyamaza. Chota kikombe kimoja, kiweke pale kando ya makaa, si karibu sana, pale ambapo jiwe lina joto kidogo. Usikifunike. Halafu kaa. Mvua hii ya Lushebere haitakuacha uende popote, na turubai letu la kambini linavuja upande ule, kwa hiyo kaa upande huu.

Najua haraka yako. Jumamosi hii, siku ya posho, Espoir anapanda kutoka Omate na wazee wa kwao kuja kukuomba urudi. Mume aliyekuacha na mimba akateremka kuchimba dhahabu. Ukazaa bila yeye, mtoto akatambaa bila yeye, na simu haikulia. Sasa amekumbuka njia. Anataka kukuteremsha wewe na mtoto mpaka kule kwenye joto, mbali na mimi, mbali na mama yako. Na wewe umetengeneza pombe ya kuwapokea, nusu wanywe hapa, nusu wateremke nayo, maana kwetu wakwe hawapatanishwi kwa maneno makavu. Jana nilikuuliza moyo wako ukoje. Ukaniambia, "Koko, mi nilishasamehe. Iliisha." Ukaendelea kuosha sahani. Sahani ile ilikuwa imetakata zamani, mwanangu. Wewe uliendelea kuiosha tu.

Kwa hiyo nitakuambia habari ya kibuyu. Usinikatize. Nikikatizwa nasahau, na nikisahau naanza upya tangu mwanzo, utajuta. Na usicheke Kiswahili changu cha katekisimu, ndicho kilichomfundisha mama yako kusali.

Mimi si wa mlimani, unajua. Nilizaliwa chini, Walikale, msituni, kabla kule Omate hakujajaa watu wenye mabeleshi. Kwetu kulikuwa na joto, na ndizi, na wajomba wawindaji, na koko yangu mzaa mama aliyeitwa Koko Mateso. Jina lake Mateso, lakini kicheko chake kilisikika ng'ambo ya mto. Alikuwa bado anashika desturi za zamani kidogo. Jumapili alikaa kanisani mstari wa mbele, na Jumatatu alimwagia wazee waliotangulia tone la pombe kwenye kizingiti. Katekista alijua, akanyamaza, maana naye aliipenda pombe ya Koko Mateso.

Babu yako Bahati alikuwa wa Kibabi, huku juu. Alikuwa anateremsha maharagwe na kupandisha mafuta ya mawese, na kila akiteremka njia yake ilipita mbele ya nyumba yetu, hata siku ambazo njia haikupita pale. Baba yake, Papa Bauma, alifuga nyuki. Sikio la Papa Bauma lilijulikana Kibabi nzima. Mtu akitengeneza pombe ya asali alimwita, naye aliinama, akaweka sikio kwenye tumbo la kibuyu, akafunga macho. Ikiwa inachemka ndani, sss, sss, alisema, "Bado." Ikiwa kimya, alisema, "Imeiva," na hakuna aliyebisha. Wala hakukosea sana, kwa sababu pale mlimani, kwenye ukungu na baridi ile, pombe iliyoiva nusu na pombe iliyoiva kabisa zote zinanyamaza, na zote zilinywewa hukohuko kwenye baridi. Tumbo likimjaa mtu gesi kesho yake alisingizia maharagwe.

Pombe ya kuja kuniomba mimi aliitengeneza mwenyewe. Asali yake, maji ya chemchemi, na mtama uliooteshwa, ukakaangwa, ukasagwa, wa kuichachua. Akangoja, akasikiliza. Kimya. Akaziba kibuyu kwa gunzi la muhindi, akazungushia nta ya nyuki tone kwa tone ili kisimwagike njiani. Ndipo wakateremka nacho, na mbuzi wa mahari. Unaijua ile njia: unaondoka umevaa koti, unafika shati limekugandia mgongoni. Bahati alikibeba kile kibuyu mwenyewe, akakataa kupokewa, ati ni pombe ya mke wake.

Sasa niseme na mimi nilikuwaje. Nilimpenda Bahati. Lakini mwaka ule baba yangu alikufa, na Bahati hakuja kwenye kilio. Watu wa mbali walikuja. Hata wale tuliokosana nao kwa ajili ya mpaka wa shamba walikuja, wakakaa chini pamoja nasi. Yeye hakuja. Alipoonekana baadaye na maharagwe yake alinipa pole mlangoni kama mpita njia, nami nikasema asante. Basi, halikusemwa tena. Wajomba waliponiuliza, "Unamutaka huyu muntu?", niliinamisha kichwa nikanyamaza, na kwetu msichana akinyamaza imehesabiwa amekubali. Wakapiga makofi. Mimi ndani nilikuwa najiambia imeisha, imeisha.

Wageni walifika jua likiwa kali. Mjomba wangu mkubwa, aliyesimama mahali pa baba, alivaa shati jeupe la Noeli. Kwa desturi, mwenye kuleta pombe anaifungua kwa mkono wake, anaonja wa kwanza mbele ya wote, halafu anampa mwenye nyumba. Hivyo watu wanajua hakuna ubaya ndani. Papa Bauma akakisogeza kibuyu katikati. Mjomba akainama kukitazama vizuri, maana kilikuwa kibuyu cha zamani, chekundu, kinang'aa. Papa Bauma akaigusa nta kwa ncha ya kisu.

Aye, mwanangu! Gunzi liliruka likagonga paa. Povu likatoka kama limetumwa, likamwingia mjomba machoni, shingoni, kwenye shati la Noeli, likashuka mpaka kwenye mikeka. Kibuyu kikapasuka ubavu. Kuku walitoka mbio, na harufu ile ikajaa nyumba nzima.

Hakuna aliyecheka. Wewe cheka, nakuruhusu. Lakini siku ile pombe ya wakwe ilikuwa imeikataa nyumba kabla haijaonjwa, na kwetu hilo si jambo la kupangusa kwa kitambaa. Mjomba alijifuta macho, akasema polepole:

"Maji yakimwagika hayazoleki. Hii ndoa imekufa. Murudi na mbuzi zenu."

Papa Bauma aliokota lile gunzi. "Mi nilisikiliza," alisema. "Mi mwenyewe nilisikiliza. Ilikuwa kimya." Alirudia hivyo hivyo mpaka nikamhurumia. Bahati alinitazama mimi. Alikuwa anangoja nifungue mdomo, niseme neno moja tu la kumtetea. Mimi nilitazama mikeka, nikanyamaza, ndiyo kazi niliyokuwa nimeizoea.

Koko Mateso alikuwa kwenye kona yake na kiko chake. Aliinuka kwa taabu, akaenda kwa mjomba, akapitisha kidole begani mwake, akalamba povu. Akalamba tena. Akacheka kile kicheko chake cha ng'ambo ya mto.

"Haijaoza," akasema. "Na haijakataa muntu. Haijamaliza tu. Papa, kule kwenu kuko baridi?"

"Baridi mingi, mama."

"Njo vile. Haikuiva hii. Ililala juu ya baridi. Mukasikia kimya, mukasema imeisha. Sasa imefika huku kwenye joto, imeamuka, na nyinyi mulishaifunga mudomo na nta."

Wazee wakaanza kutazamana. Nilidhani amemaliza, nikashusha pumzi. Akanigeukia mimi.

"Na wewe uliyeinamisha kichwa? Uliiva, ao na wewe ni baridi?"

Nilitaka kusema nimeiva. Alinishika mkono, akanipeleka jikoni, akanikalisha kwenye kigoda mbele ya moto, halafu hakuniuliza kitu. Alianza kumenya ndizi. Alimenya moja, akamenya nyingine. Moyo wa mtu ni kichaka, lakini Koko Mateso alizaliwa msituni, hakuwa na haraka na kichaka chochote. Joto likanipanda miguuni, likanifika kifuani, na nilisikia sauti yangu mwenyewe inapiga kelele:

"Hakuja kumulilia papa!"

Nikalia mpaka kamasi. Unafikiri alinibembeleza? Thubutu! Aliweka kisu chini akanikemea, na yale makemeo ninayo mpaka leo.

"Hilo umelikalia tangu lini? Na ulitaka kupanda nalo mulima, ukalale nalo kitanda kimoja na mume, umelizibia nta? Siku mutoto ataumwa, siku chakula kitapungua, litaamuka. Kimya kingi kina mushindo mukuu, mutoto wangu, na ule mushindo hauchagui mwenye makosa. Shati ya mujomba wako ilikosa nini?"

Shati lile halikukosa kitu.

Akarudi ukumbini, akatoa hukumu yake. Wageni waende nyumbani kwa amani, mbuzi wabaki kwanza. Pombe iliyosalia imiminwe kwenye mtungi, ikae karibu na moto wake bila kuzibwa mpaka imalize yenyewe. Na kijana naye abaki. Mjomba alinung'unika sana, lakini Koko Mateso ndiye aliyemzaa. Angefanya nini?

Bahati akabaki anapasua kuni na kula chakula cha Koko. Siku niliyomwendea sikusema kwa adabu, mwanangu. Nilimkuta kwenye lundo la kuni, nikamtupia yote. Kwanza alisema ni mvua. Halafu akasema ni njia, daraja lilikuwa limekwenda na maji. Nikamwambia watu wa kilio wengine walivuka maji yaleyale. Ndipo akaweka shoka chini, akasema:

"Sikuwa na kitu mukononi. Hata kuku mumoja. Niliona haya kuingia kwa kilio ya papa yako mikono mitupu."

"Ungekuja na macho tu!" nikamwambia. "Macho ya kulia!"

Hapo nilimlilia baba yangu kama siku ya kwanza. Na babu yako akakaa chini kwenye udongo, vile watu wanavyokaa kwenye kilio, akakaa nami mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Kilikuwa kilio kilichochelewa. Lakini kilikuwa kilio, na baba yangu nadhani alikipokea.

Kule jikoni Koko Mateso alikuwa anaipima pombe yake. Alichota kikombe, akakiweka kando ya makaa kama kile chako pale. Mwanzoni ilipanda povu mpaka juu. Baadaye ikawa inatoa povu ukingoni tu. Ikafika siku ikapata joto na haikufanya kitu. Akatikisa kidogo kwenye kibuyu kidogo: povu likaja, likafa palepale. Akaitazama kwenye mwanga wa mlango, imetakata, akaona mpaka kitako cha kikombe. Ndipo akaonja, akanipa na mimi nionje. Utamu haukung'ang'ania midomo. Kulikuwa na uchachu kidogo pembeni mwa ulimi, si ule wa siki unaokunja uso. Ikashuka kooni bila kukwaruza, ikaacha joto. Wengine wanapenda iwe tamu kama asali bado, na ikiwa siyo tamu wanaongeza asali mbichi dakika ya mwisho. Hao usiwasikilize, wanaiamsha upya.

Papa Bauma aliitwa akateremka tena. Alipewa mtungi, na mzee yule, kwa kiburi chake, kwanza aliinama akaweka sikio. Tukangoja. Halafu akaonja, mbele ya mjomba na shati lake lililobaki na madoa. Akaonja tena. Akasema, "Kumbe hii sikio yangu ilikuwa inasikia baridi tu." Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, na nikaolewa.

Nikapanda mlima na mume niliyekwisha kumwambia yote. Tumeishi Kibabi miaka mingi, na tuligombana kwa sauti mpaka majirani wakachoka. Nta hatukutumia. Alipokufa sikuwa na neno lake hata moja tumboni, wala yeye hakuwa na langu. Huo ndio utajiri wangu niliokimbia nao vita, maana vingine vyote viliungua.

Mwanangu, nimechoka. Wakubwa wanakuja hapa kambini wanatuambia kule juu kumetulia, rudini mashambani. Tumerudi. Tumepanda maharagwe, na kabla hatujavuna tumekimbia tena na masufuria kichwani. Kila mara kuna mtu aliyeweka sikio, akasikia kimya, akasema imeisha. Hakuna aliyeweka kikombe kwenye makaa. Kaburi la babu yako liko Kibabi, majani yamelifunika, nami niko hapa nahesabu matone ya turubai. Yale ni makubwa kuliko wewe na mimi, mikono yetu haiyafikii. Lakini hili la bido lako, na la moyo wako, hili tunalifikia.

Sasa tazama kikombe. Usinitazame mimi, tazama kikombe. Unaona ukingoni? Unasikia? Na ulisema imenyamaza.

Usilie bado. Haijaharibika. Umeitengeneza vizuri, mkono wako ni mwepesi, asali ni nzuri, haijamaliza tu. Na nasaha yangu ni hii, ushike hata nikifa. Usiamini kimya kabla hujakitia joto, kiwe cha pombe ao cha mtu, na zaidi kiwe cha kwako mwenyewe. Msamaha uliolala kwa baridi si msamaha. Ukiuteremsha Omate utaamka, na ukipasuka kule utampasukia mtoto, ambaye hakukosa kitu.

Jumamosi wakija tutawapa chai. Nitawaambia mimi mwenyewe pombe bado, na asiyependa akasirike, nimeshakasirikiwa na wakubwa kuliko wao. Espoir atabaki akate kuni, kuni hapa ni shida. Na wewe utamwambia yote: usiku ule wa uchungu, mama yako amekushika mgongo, mtoto akatoka na hakuna baba wa kumpa jina. Utamwambia bila adabu ikibidi. Ukiona amekaa chini na wewe, na moyo wako umepata joto na hauruki tena, teremka naye, nitakufungia mzigo kwa mikono yangu. Lakini ikigeuka siki, mwanangu, siki hainywewi kwa kuogopa wakwe. Mbuzi wao wa mahari watarudi kwa miguu yao, na wewe utabaki hapa, na siku hiyo mimi ndiye nitakayepiga kelele, si wewe.

Mungu aliyewatunza wazee wa mlimani na wazee wa msituni akupe mdomo unaofunguka kabla ya nta. Akupe mtu anayejua kukaa kwenye udongo. Mtoto wako akue asijue mshindo, na siku moja amwagie kaburi la babu yako pombe iliyoiva, kule Kibabi, mchana, bila kukimbia.

Haya. Kikombe kitoe, kimeshasema chake. Sasa sogea wewe hapa kwenye moto. Mimi nitamenya ndizi.